Tazameni ndani ya mtutu kabla ya kupokezana zamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na walinzi wetu wa getini, na zaidi yao niseme na wanaowaajiri. Pita asubuhi mbele ya benki, kituo cha mafuta au supamaketi ya Kampala, Jinja au Mbarara wakati wa kubadilishana zamu. Askari wa usiku anamkabidhi mwenzake bunduki ya marisau (vigololi vidogo vya risasi), ile tunayoiita shotigani. Mwenzake anaipangusa kwa leso, anaitundika begani, basi. Kitako kinang'aa, lakini ndani ya mtutu hakuna aliyechungulia. Bunduki ya namna hiyo haijasafishwa wala haijakaguliwa, hata kama daftari la zamu limeandikwa "iko sawa, afande".

Mtutu wa shotigani ni bomba laini. Hauna mifuo ya kuizungusha risasi kama rifle, kwa hiyo uchafu na majeraha yake yanaonekana kwa jicho tupu. Zilizo nyingi mikononi mwa walinzi ni za geji 12, na kipenyo cha ndani ni kama milimita 18.5. (Namba hiyo ya geji inatokana na ratili moja ya madini ya risasi iliyogawanywa tufe 12 zinazoenea ndani ya mtutu. Ndiyo maana geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12, jambo ambalo wengi hulisoma kinyume.) Kwa kanuni za Ulaya, risasi ya kawaida ya geji 12 inaruhusiwa kufikisha shinikizo la ba 740, karibu mara 300 ya upepo ulio ndani ya tairi la bodaboda. Shinikizo hilo linatokea kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ambako chuma ni kinene. Ukienda mbele ukuta unapungua, na kwenye bunduki nyingi za mitutu miwili unafika chini ya milimita 1. Chuma hicho chembamba kinavumilia kwa sababu marisau yanakimbia na gesi inapata nafasi ya kutanuka nyuma yake. Sasa weka kitu njiani. Gramu 28 au 36 za marisau zinakwama ghafla, gesi inarundikana mgongoni mwake, na ukuta ndio unaoachia. Ukiwa na bahati mtutu unavimba kama nyoka aliyemeza panya. Bila bahati unapasuka, na mkono unaoshika bunduki kwa mbele uko papo hapo.

Kitu chenyewe si lazima kiwe kikubwa. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, utaona walinzi wamechomeka kavera (mfuko wa plastiki) au kitambaa kilichosokotwa kwenye mdomo wa mtutu ili maji yasiingie. Nia ni njema, matokeo ni mabaya mara tatu. Kwanza, siku ya mkasa hakuna anayekumbuka kukichomoa. Pili, kavera likivutwa kwa pupa linakatika na kipande kinabaki ndani. Tatu, mtutu uliozibwa hauwi mkavu: hewa iliyofungiwa ndani wakati wa joto inapoa alfajiri na kutoa jasho, na kutu inaanzia pale pasipoonekana. Anayelinda kwenye mvua aibebe bunduki mdomo ukielekea chini, pembeni ya mguu, ndani ya koti la mvua, kisha aukaushe mtutu zamu ikiisha. Ila asiusimamishe mdomo ardhini kupumzisha bega. Udongo mwekundu wa maramu ukiloa unaingia kama mhuri kwenye nta, na ukikauka ni kizibo.

Halafu kuna nyigu wa udongo. Huyu hapigi kelele. Bunduki iliyosahauliwa kwenye kona ya stoo inampa tundu la ukubwa anaoupenda. Analeta udongo mbichi kidonge kwa kidonge, anapanga buibui aliowalemaza kwa ajili ya watoto wake, anaziba, anaondoka. Udongo ule ukikauka ni tofali. Ukichungulia kutoka upande wa chemba utaona giza tu, na mzembe husema, "Labda ni mwanga mdogo."

Hatari nyingine inatoka ndani ya risasi yenyewe, na hapa naomba kila mlinzi asome polepole. Risasi iliyokaa miaka mfukoni kwenye joto na unyevu inaweza kuwa na baruti iliyoharibika. Ukifyatua unasikia "puf" badala ya mlio, bega halisukumwi, moshi mchache unatoka. Kikombe cha plastiki kinachobeba marisau huenda kimebaki katikati ya mtutu. Anayekokota mkono wa mbele ili kuingiza risasi nyingine na kupiga ya pili papo hapo ndiye anayepasua mtutu. Mlio ukiwa dhaifu, simama. Elekeza mdomo mahali salama, hesabu sekunde 30 kwa sababu baruti yenyewe inaweza kuwa inachelewa kuwaka, kisha toa risasi zote na uchungulie. Mtutu ukiwa umeziba, bunduki hiyo imemaliza kazi siku hiyo. Wapo wanaodhani risasi inayofuata itakisukuma nje kilichokwama. Ndiyo njia ya uhakika ya kupoteza vidole.

Sasa ukaguzi wenyewe. Toa risasi zote na uziweke meza nyingine, mbali na mafuta. Tazama chemba kwa jicho, kisha ingiza kidole, kisha tazama tubu ya akiba iliyo chini ya mtutu, kwa kuwa risasi za bunduki ya kukokota hujificha huko. Rudia mara ya pili hata kama una hakika. Bunduki ya kuvunja, ile inayokunjika katikati, iwe ya mtutu mmoja au miwili, unatoa ubao wa mbele, unaifungua na kuunyanyua mtutu kwenye ndoano yake. Ya kukokota unarudisha mkono nyuma, unafungua kofia iliyo mwisho wa tubu ya akiba, mtutu unavutika mbele. Usikubali kukagua mtutu ukiwa bado umefungwa kwenye mwili wa bunduki kama unaweza kutoka. Ni kazi ya dakika moja, nawe hutakuwa na haja ya kuweka jicho mbele ya mdomo wa silaha iliyo kamili.

Pitisha kitambaa kikavu kwanza, maana mafuta hufunika makosa. Elekeza mtutu kwenye mwanga uliotulia: anga jeupe, ukuta uliopakwa chokaa, au karatasi nyeupe iliyoegeshwa dirishani. Usiuelekeze kwenye jua. Chungulia kutoka nyuma, kisha kutoka mdomoni, huku ukiuzungusha taratibu. Utaona duara za mwanga zimepangana moja ndani ya nyingine kama pete. Pete zote zikiwa mviringo kamili, mtutu ni mzima. Pete ikivunjika upande mmoja na kuwa kama mwezi mwandamo, pale pamebonyea, kwa kawaida kwa kugongwa nje. Pete nyeusi inayozunguka mtutu mzima ni uvimbe: kitu kiliwahi kukwama hapo na mtu akapiga. Vidoa vyeusi visivyotoka kwa burashi ni vishimo vya kutu. Michirizi ya kijivu inayofuata urefu wa mtutu ni uchafu wa risasi au plastiki, na hiyo inatoka.

Jicho peke yake hudanganywa, kwa hiyo tumia na vidole. Paka mafuta kidogo kwenye ncha za vidole, uviteleze nje ya mtutu toka chemba hadi mdomo, macho ukiyafumba ukipenda. Uvimbe ambao jicho limeupita, kidole kitaupanda. Ukitaka hakika zaidi, laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya mtutu: uvimbe utaifanya ibembee. Ndani nako, vuta kipande cha pamba laini polepole. Kikiacha nyuzi zake mahali fulani, pale pana ukwaru au kishimo. Ufa una kipimo chake, hasa karibu na chemba na mdomoni. Paka mafuta ya taa, subiri dakika 10, pangusa pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki ya shuleni. Ufa utatoa jasho na kuchora mstari kwenye unga. Bunduki ya mitutu miwili ninginiza mitutu yake kwa kidole kwenye ndoano, uigonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, sawa. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, ubavu unaoiunganisha umeachia mahali, na maji ya mvua yanaingia humo.

Kibonyeo, uvimbe, ufa au ubavu ulioachia si kazi ya mlinzi, wala ya fundi wa kuchomelea mageti. Ni kazi ya fundi bunduki mwenye kibali. Nimetaja mageti kwa sababu wapo wanaopeleka huko, na moto wa kuchomelea hulainisha chuma cha mtutu. Vishimo vidogo vya kutu vinaweza kuishi miaka mingi vikilindwa kwa mafuta. Vikifika kina cha kukamata ukucha, au vikiwa mbele ambako ukuta ni mwembamba, mtutu upimwe unene kabla ya kurudi kazini.

Uchafu wa kawaida una sehemu mbili unazozipenda: shingo, yaani pale chemba inapopungua kuingia kwenye mtutu, na choki, pale mtutu unapobanwa mdomoni. Choki iliyobanwa kabisa hupunguza kipenyo kwa kama milimita 1, ya kati nusu ya hapo, kwa hiyo tabaka dogo tu linabadilisha mtawanyiko wa marisau. Masizi ya baruti ni meusi na laini, yanatoka kwa kitambaa. Madini ya risasi hushika kama mchirizi wa kijivu unaong'aa. Plastiki ya vikombe huyeyuka kidogo kwa joto na kujipaka kama rangi. Ukiona inabanduka vipande kama ngozi ya kitunguu, hiyo ndiyo, na ndiyo mbaya kuliko yote kwa nchi yetu yenye unyevu, kwa sababu unyevu hunasa chini yake na kutu inakula chuma huku juu pakionekana kawaida. Kwa hiyo "sijapiga risasi nyingi" si sababu ya kuuacha mtutu.

Vifaa havizidi mfuko mmoja. Mdeki, yaani fimbo ya kupitishia kitambaa na burashi mtutuni, wa mbao ngumu iliyonyooka, unene wa milimita 12 hadi 13, mrefu kuliko mtutu kwa angalau sentimita 20. Mitutu ya walinzi mara nyingi ni sentimita 46 hadi 51, ya wawindaji 71, kwa hiyo mdeki wa mita 1 unatosha zote. Burashi ya waya wa shaba ya geji 12. Vitambaa vya fulana kuukuu ya pamba, kila kimoja sentimita 8 kwa 8. Dawa ya kuyeyusha uchafu, na mafuta ya bunduki. Burashi ya waya wa chuma ya kusugulia vyuma vya hadiwea, msasa na tindikali visikaribie mtutu. Siki nayo ni tindikali.

Lowesha kitambaa kwa dawa, ukipitishe toka chemba kwenda mdomoni, uache mtutu ukae dakika 10 hadi 15. Haraka ndiyo inayowachosha watu hapa: wanasugua kwa nguvu kazi ambayo dawa ingeifanya wenyewe wakinywa chai. Kisha burashi, mipigo 10 hadi 15, kila mpigo utoke upande wa pili mzima kabla ya kurudi. Ukigeuza burashi katikati ya mtutu nywele zake zinapinda kinyume, na huenda ikakwama. Shingo na choki uziongezee mipigo. Futa mdeki kila unapotoka, maana mchanga ulioshika mbao unakuwa msasa. Pitisha vitambaa vikavu hadi kimoja kitoke cheupe, tazama tena kwenye mwanga, na michirizi ikibaki rudia toka dawa. Mtutu ulioachwa miezi unaweza kudai mizunguko mitatu au minne. Choki za kufungua kwa ufunguo zitolewe, nyuzi zake zisafishwe, zipakwe grisi kidogo na kukazwa tena. Iliyolegea hung'olewa na marisau, isiyofunguliwa kamwe huoana na mtutu kwa kutu.

Wenye magobore na bunduki za baruti nyeusi, mashambani wapo, wajue kwamba dawa hizi hazitoshi. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi, na chumvi huyeyuka kwa maji, si kwa mafuta. Maji ya moto kutoka sigiri yamwagwe mtutuni mara mbili tatu, mtutu ukaushwe ungali na joto, ndipo upakwe mafuta. Siku ileile, si kesho.

Mafuta ni matone 4 au 5 kwenye kitambaa, yanatosha mtutu mzima. Mafuta ya injini yaliyotumika yana masizi na tindikali yake. Mafuta ya taa yanasafisha vizuri lakini hayalindi, yakikauka yanaacha chuma uchi. Mafuta ya kupikia yanaganda kama gundi. Na mengi si bora: yanateremka kwenye mbao ya kitako na kuilainisha, yanaingia kwenye fataki inayowasha baruti na kuiua, na chemba iliyolowa mafuta inaifanya risasi isukume kwa nguvu zaidi kwenye kitasa cha nyuma. Hifadhi bunduki mdomo ukiangalia chini juu ya kitambaa kikavu, na kabla ya zamu pitisha kitambaa kimoja kikavu mtutuni na chemba. Isilale ndani ya mfuko wake wa turubai au ngozi. Mfuko ni wa safari, ukifungwa nao usiku unakuwa chungu cha unyevu, hasa Entebbe na miji mingine ya ufukweni mwa ziwa.

Osha mikono kwa sabuni ukimaliza, na vitambaa vichafu visirudi jikoni. Madini ya risasi ni sumu.

Risasi nazo zikaguliwe pamoja na mtutu, kwa kuwa ndizo jirani zake. Zilizokaa muda mrefu ndani ya tubu ya akiba hubanwa na springi na kuvimba kiuno. Zile zinazoingizwa na kutolewa kila zamu mdomo wake hulegea na marisau kuvuja. Kitako cha shaba chenye ukungu wa kijani au kutu kitakwama kwenye chemba. Zote hizo ziwekwe kando, zikabidhiwe ghalani. Soma pia urefu uliochapwa. Risasi ya milimita 76 inaingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 70 ikiwa haijapigwa, lakini ikifunguka inaziba shingo na shinikizo linapanda. Bunduki kuukuu za Uingereza zenye mihuri ya London au Birmingham chini ya mtutu nyingine ni za chemba ya 65, fupi zaidi. Na risasi ya geji 20 isiingie katika mfuko mmoja na za geji 12 kwa hali yoyote. Inateleza ndani ya chemba ya 12, inakwama mbele kidogo, chemba inaonekana tupu, mlinzi anaweka ya 12 nyuma yake. Desturi ya viwanda ni kuzifanya za geji 20 ziwe za njano kwa sababu hiyohiyo. Ikishakwama, usiisukume kwa mdeki kutoka upande wowote. Mwite fundi.

Waajiri, mnayoombwa ni machache. Kila kituo kiwe na mdeki, burashi, vitambaa na chupa ndogo ya mafuta. Safu moja iongezwe kwenye daftari la zamu: "mtutu umechunguliwa na wote wawili", na sahihi mbili. Usiku wa mvua, anayeondoka akaushe na kupaka mafuta kabla ya kukabidhi, na dakika hizo 15 zihesabiwe ndani ya zamu yake. Akiambiwa azifanye baada ya saa zake, bila malipo, atafuta kitako kwa leso kama jana. Siku za kiangazi mara moja kwa wiki inatosha, na kila baada ya kupiga, siku hiyohiyo. Mlinzi anayesema "huu una pete nyeusi" apewe bunduki nyingine asubuhi hiyo, asitishiwe kukatwa mshahara. Akiadhibiwa kwa kusema, wa pili ataona pete ileile na kuandika iko sawa.

Fundi wa ghala la silaha,
Jinja